Pombe, ufuatiliaji wa kielektroniki wa

Ni njia ya kumsimamia dereva aliyerudia kuendesha gari akiwa amelewa na kuwekwa chini ya probesheni badala ya kufungwa jela. Kifaa hufungwa kwenye kifundo cha mguu. Sehemu ndogo ya pombe aliyokunywa mtu hutokea kwenye ngozi pamoja na jasho, na kifaa huipima kila baada ya nusu saa, usiku na mchana, kisha hutuma matokeo kwa wasimamizi. Kilianza kutumika Marekani miaka ya 2000. London ilikijaribu mwaka 2014.

Nchini Kenya chombo cha kupima pombe kinachojulikana ni Alcoblow, kinachopulizwa na madereva barabarani. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2011, na msako wa usiku ulishika kasi Desemba 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kanuni hizo zinagongana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kinachomlenga mlevi asiyeweza kulidhibiti gari.

Katika mji kama Ogembo, kaunti ya Kisii, usimamizi wa probesheni ni kazi ya mtu. Afisa humwita mkosaji ofisini, humtembelea nyumbani, huzungumza na mke na majirani. Uangalizi huo una thamani kubwa, lakini hauwezi kuona chupa ya chang'aa inayofunguliwa saa nne usiku, pikipiki ya bodaboda ikisubiri nje. Kifaa cha mguuni kingeliona hilo. Kumshawishi mtu aache, hapana.