Ukoko, Kutu na Magamba: Maneno ya Bwela la Liemba

Mfasiri akabidhiwapo kitabu cha mafundi wa bwela, ambalo wengine huliita boila, hukwama mapema. Neno la Kiingereza la uchafu mgumu ugandao ndani ya bwela ndilo hilo hilo la magamba ya samaki na la kipimo cha ramani. Akiandika "magamba", fundi hupotea, kwani gamba huota juu ya ngozi, hali uchafu huu huachwa na maji yaliyochemshwa.

Watu wa Kigoma wanalo jambo lenyewe karibu. Huko Uvinza maji ya chumvi yamechemshwa vyunguni kwa karne nyingi, na chumvi yake ilifika soko la Ujiji. Kigandacho chini ya chungu, kiwe cha wali au cha ugali, twakiita ukoko. Ukoga wa meno nao ungefaa, ila haukutokana na moto.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi kuliko kalisi, na ubesi wake hukaribia 9 katika kipimo cha pH. Yakichemshwa huacha ukoko. Ukoko huzuia joto lisipite kwenye maji. Chuma hupata moto kupita kiasi, hulegea, na shinikizo la mvuke huweza kukipasua. Ndiyo maana mabwela hutiwa magadi au fosfeti, ili madini yawe tope laini la kutolewa kwa valvu ya chini.

Kutu ni adui mwingine. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen ililetwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Malagarasi, baada ya kuzipaka mashine grisi. Ilipoopolewa 1924, mashine na mabwela yalikuwa yangali yafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la ziwa alilolisikia Livingstone upande wa kusini, na ikaendeshwa kwa mvuke hata ilipotiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Tofauti hii yahusu pia mabwela ya maji moto yenye mzunguko uliofungwa. Humo maji ni yale yale, yakizunguka. Madini yake huganda mara moja tu, na ukoko hauongezeki sana ila maji yakivuja na kujazwa mapya kila mara. Kinachohofiwa zaidi ni oksijeni, na dawa zake ni salfaiti ya sodiamu, inayoila oksijeni, au nitriti, inayokijengea chuma utando wa kukikinga.

Basi tuandike "kizuia kutu" na "kiondoa ukoko", wala tusiyafunike yote mawili kwa "dawa ya maji". Kiondoa ukoko aghalabu ni asidi. Karani wa bohari akikitoa mahali pa kizuia kutu, na fundi akakimimina na kukiacha humo, asidi itakula mabomba yenyewe.