Nani Aliyehesabu Juma? Sabato na Jumapili Hillbrow

Hoja ya Wasabato ni fupi: Mungu alipumzika siku ya saba, siku ya saba ni Jumamosi, basi Jumamosi ndiyo siku ya ibada. Kwa Kiswahili hoja hiyo hujikwaa katika hatua yake ya pili. Jumamosi, kama jina linavyosema, ni siku ya mosi. Jumapili ni ya pili. Na anayeendelea kuhesabu huifikia siku ya saba Ijumaa. Lugha yetu ililipanga juma kwa kuizunguka sala ya Ijumaa, kisha ikahifadhi humo humo masalia ya hesabu nyingine: Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, huifuata Jumatano, ambayo nayo ni ya tano. Tuna siku mbili za tano na hatuoni ajabu. Msomaji wa Mombasa au Tanga anayesoma katika Injili kwamba kaburi lilikutwa tupu siku ya kwanza ya juma, hana budi kuelezwa kwamba siku hiyo ya kwanza ndiyo ile anayoiita ya pili.

Katika Hillbrow, mtaa wa maghorofa katikati ya Johannesburg, hesabu kama hizi hukutana ngazini. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi iliufanya mtaa huo kuwa wa Wazungu. Katika miaka ya 1980 wapangaji weusi waliingia licha ya sheria, na tangu miaka ya 1990 wamefuata Wakongo, Wazimbabwe na Wanaijeria. Mswahili wa Lubumbashi huiita Jumamosi siku ya posho, na hesabu yake huanzia Jumatatu. Jirani yake Mshona huiita Mugovera, kutokana na kitenzi chenye maana ya kugawa. Mzulu husema uMgqibelo, yaani siku ya kumalizia, na Jumapili yake, iSonto, ameiazima kwa Waholanzi. Posho ni mgao wa chakula aliopewa mfanyakazi na mwajiri wake. Majina hayo hayakutoka katika kitabu cha Mwanzo wala cha Kutoka. Yalitoka kwenye foleni ya mgodini na shambani.

Ndiyo maana naona kwamba ugomvi wa Jumamosi na Jumapili, kusini mwa Afrika, hauelezeki kwa aya za Biblia peke yake. Wasabato hupenda kumlaumu Konstantino. Lakini Justin Martyr, katikati ya karne ya 2, alikwisha kueleza jinsi Wakristo walivyokusanyika Jumapili, karibu miaka 170 kabla ya Kaisari huyo. Alichoongeza Konstantino mwaka 321 ni amri ya kupumzika, nayo iliwahusu mahakimu, watu wa mjini na mafundi. Wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi zao. Kuabudu ni jambo moja, kuachishwa kazi ni jingine, na la pili huhitaji dola. Waethiopia walilijua hilo. Waliposhindana kuhusu Sabato mbili, mkutano wa Debre Mitmaq wa mwaka 1450 uliamua kuziheshimu zote, na ulikuwa na mfalme Zara Yaqob upande wake.

Manabii wa kusini hawakuwa na mfalme. Isaiah Shembe, aliyeanzisha kanisa la Wanazareti huko Natal mwanzoni mwa karne ya 20, aliwapumzisha wafuasi wake Jumamosi. Waisraeli wa Enoch Mgijima, walioshika Sabato vilevile, walipigwa risasi na polisi huko Bulhoek tarehe 24 Mei 1921, wakafa zaidi ya 160. Kisa kilikuwa ardhi waliyokataa kuihama, wala si Sabato, ingawa watu waliokwisha kujipangia juma lao hawakuwa wepesi wa kutii notisi ya kuhama. Mwaka 1932, katika Rhodesia ya Kusini, walitokea Johane Masowe na Johane Marange. Wapostolo wa Marange, wenye kanzu nyeupe, waliipeleka Jumamosi yao hadi Katanga na Kasai. Wafuasi wa Masowe walihamia Korsten, Port Elizabeth, wakajiita Kanisa la Kitume la Sabato la Mungu, wakaishi kwa kusuka vikapu, kufua mabati na kutengeneza samani, hadi serikali ilipowafukuza nchini mwaka 1962. Ufundi huo ulikuwa sehemu ya imani: asiye na bwana haombi ruhusa ya Jumamosi. (Tawi jingine la Masowe huabudu Ijumaa, nalo halisomi Biblia kabisa, kwa kuamini kwamba Neno hushuka likiwa hai. Hao wamejiepusha na mjadala wote.)

Dola nayo ilikuwa na siku yake. Johannesburg ilikuwa na umri wa miaka kumi tu pale Jamhuri ya Transvaal ilipotunga sheria ya kuilinda Jumapili, mwaka 1896. Karne moja baadaye suala lilifika Mahakama ya Katiba, ambayo tangu 2004 imekaa ukingoni mwa Hillbrow, penye gereza la zamani la Old Fort. Mfanyakazi wa duka alikuwa ametiwa hatiani kwa kuuza mvinyo Jumapili. Katika hukumu ya Oktoba 1997, majaji wanne kati ya tisa walisema Jumapili imekwisha kuwa siku ya mapumziko ya kawaida, na katazo halimlazimishi mtu kuabudu. Wawili waliona kwamba uhuru wa dini umeguswa, ila kwa sababu inayokubalika. Watatu walitaka kifungu kibatilishwe. Watano, basi, waliona kwamba sheria imeipendelea siku ya Wakristo walio wengi, na sheria ikabaki.

Mwaka huohuo sheria ya masharti ya kazi iliagiza anayefanya kazi Jumapili alipwe mara mbili, au mara moja na nusu ikiwa Jumapili ni siku yake ya kawaida. Jumamosi haikupewa nyongeza ya namna hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Kazi iliamua kwamba Msabato aliyefukuzwa kwa kukataa kuhesabu bidhaa ghalani siku za Jumamosi alibaguliwa kwa dini yake. Ni ushindi mkubwa, kwa mwenye mkataba. Wakongo wengi wa Hillbrow hawana mkataba wa kuonyesha mahakamani: wanasuka nywele, wanalinda magari yaliyoegeshwa, wanauza nguo mezani kando ya barabara, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanapofurika. Juu kidogo, kwenye kilima cha Yeoville, kanzu nyeupe huonekana kati ya mawe.