Kisanduku cha Mtumba na Muziki Ambao Wengi Hawakuusikia

Ukichomeka Roland MT-32 kwa stima, hakipigi chochote. Kioo chake kidogo kinawaka, kinaandika maneno machache, halafu kinanyamaza. Hakuna wimbo ndani. Kuna ala tu, zimekaa zikingoja kuambiwa zipige nini. Na bado kuna watu leo, wengine walizaliwa baada ya kitu hiki kuacha kutengenezwa, wanaotoa pesa nzuri kukinunua cha mtumba. Si wanamuziki. Wanataka kucheza gemu za zamani.

Kuelewa kwa nini, turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, kila kampuni ya sintesaiza ilikuwa na lugha yake, na kinanda cha huyu hakikusikizana na cha yule. Ikutaro Kakehashi, aliyeanzisha Roland kule Osaka mwaka 1972, akasukuma wazo la lugha moja pamoja na Dave Smith wa Sequential Circuits, California. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya muziki ya NAMM, sintesaiza za kampuni hizo mbili ziliunganishwa kwa waya. Unabonyeza moja, nyingine inalia. Lugha hiyo ikaitwa MIDI, na kinachoniacha mdomo wazi ni kwamba hawakuitoza mtu ada. Yeyote angeweza kuitumia bure. Mwaka 2013 wawili hao walipewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Waya ya MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, sasa achilia. Ni kama kupitishia kwaya karatasi ya noti. Wimbo utakuwa mtamu au mbaya kulingana na nani anaimba.

Sasa fikiria kompyuta ya IBM ya wakati huo. Spika yake ilikuwa ya kulia pip-pip, noti moja kwa wakati. MT-32 ilipotoka mwaka 1987, ilikuwa ya wanamuziki wa nyumbani. Lakini Sierra On-Line, kampuni ya gemu ya Ken na Roberta Williams, iliona kitu kingine. Mwaka 1988 ilitoa King's Quest IV, ikiwa na muziki wa William Goldstein, mtunzi wa kazi za filamu na televisheni, na ikaanza kuwauzia wachezaji wake kisanduku hicho pamoja na kadi ya kukiunganisha, kwa dola 550. Dola 550 za wakati huo, bana, ili usikie muziki wa gemu.

Bila shaka wengi hawakuweza. Walinunua kadi ya AdLib, na kuanzia 1989 Sound Blaster ya Creative, kampuni ya Singapore, ambazo bei yake ilikuwa ya binadamu wa kawaida na sauti yake nyembamba, ya kukwaruza. Kwa hiyo kukawa na hali ya ajabu: mtunzi anakaa na MT-32, anatunga violini na filimbi, kisha gemu inafika kwa mtoto ambaye kwake violini ni mlio wa nzi kwenye chupa. Maagizo yote ya muziki yalikuwa ndani ya disketi yake. Aliumiliki wimbo mzima na hakuwahi kuusikia. Nadhani hiyo ndiyo deni watu wanalipa wakinunua kisanduku hiki leo. Wanaita ni kumbukumbu za utotoni, lakini kwa wengi wao hakuna cha kukumbuka. Ndiyo mara ya kwanza.

Mwaka 1991 mambo yakapangwa upya. Kukaja General MIDI, orodha ya ala 128 zenye nambari moja kila mahali: 57 ni tarumbeta, uwe Tokyo au Thika. Mwaka huo huo Roland ikatoa SC-55, na ndicho kisanduku alichotungia Bobby Prince muziki wa Doom, iliyotoka 1993. Kisha CD zikaua biashara yote. Quake ya 1996 ilikuja na muziki wa Trent Reznor umerekodiwa tayari, hakuna ala ya kungojewa.

Hapa ndipo mnunuzi wa mtumba huchomeka. SC-55 haichukui nafasi ya MT-32. Gemu za Sierra hazikutumia tu ala zilizokuwemo. Zilitengeneza zake na kuzipakia ndani ya MT-32 kabla ya wimbo kuanza, wakati mwingine zikiandika ujumbe kwenye kioo. SC-55 haipokei mafunzo hayo. Kinyume chake pia ni noma: peleka Doom kwa MT-32 na nambari za ala hazilingani, gitaa linageuka kitu usichokitambua. Halafu MT-32 zenyewe ni mbili. Ya kwanza haina tundu la hedifoni nyuma, na hushindwa kumeza maagizo yakija kwa kasi ya gemu za baadaye. Ya pili inayo, na humeza vizuri, ila gemu chache za mwanzo zilitegemea kasoro za ile ya kwanza.

Kuna njia ya bure, programu ya Munt inayoiga MT-32, na kusema ukweli sikio langu halioni tofauti ya maana. Na kama uliwahi kufungua faili ya MIDI kwa saiba, kwenye kompyuta ya Windows, ulishasikia mjukuu wa SC-55: Microsoft ilipewa leseni ya sauti za Roland kwa kipigaji chake. Lakini naelewa anayetaka chuma chenyewe.

Basi kama ni chuma, nyingi hutoka Japani, na adapta ya Japani ni ya volti 100. Ukuta wetu unatoa 240. Itafute nyingine, na uangalie upande wa chanya na hasi kabla hujachomeka. Waya za bei rahisi za USB za MIDI hukatakata maagizo marefu, yale yale ya Sierra. Na kama muuzaji hawezi kukutumia video ya kioo kikiwaka na noti hata moja ikilia, pesa ibaki kwa simu.