Misa Luba: mwalimu mgeni na walimu wenyeji wa Kamina

Mwalimu akitumwa kufundisha mbali na kwao, mambo mawili yanamngojea: masomo na mtaa. Ku masomo yeye ni mkubwa, anashika chaki na wote wananyamaza. Lakini kengele ikilia, watoto wakirudi kwao, anabaki mgeni asiyejua hata njia ya soko. Hapo ndipo inaonekana atakuwa mtu wa namna gani. Wengine wanafunga mlango na kungoja barua za kwao. Wengine wanafuata ngoma wanayoisikia, wanaketi, wanapewa kikombe cha munkoyo, na masolo yanaanza. Sisi walimu wa Kongo tunaijua hali hiyo, maana wengi wetu tulipelekwa kufundisha mahali pasipokuwa pa bankambo wetu. Hapa tunataka kueleza habari ya mwalimu mmoja aliyetoka Ubelgiji akafika kwetu Kamina 1953, na ya walimu wenyeji waliompokea. Walichofanya pamoja kinajulikana London na Nairobi, pengine kuliko katika mitaa yetu wenyewe.

Tuanze na mji. Kamina ni mtoto wa reli. Njia ya BCK, kutoka Bukama mpaka Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui, ilimalizika 1928, na ilipita hapa. Watu wakaja kwa gari la moshi: Baluba wa Katanga waliokuwa karibu, Baluba wa Kasai, Bena Kanyoka wa upande wa Mwene-Ditu, Bena Luluwa wa upande wa Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Nyuma ya vita ya 1940-1945 Wabelgiji wakajenga kambi kubwa ya jeshi, ile tunaita Base mpaka leo, na watu wakaongezeka tena. Kila kabila lilikuja na nyimbo zake za ndoa, za kilio, za kazi, za kuagana. Mchana wote walisema Kiswahili cha reli. Usiku, mtu alipokufa, kila mmoja alilia kwa lugha ya mama yake. Msomaji ashike neno hilo, maana bila hilo habari yote inayofuata haieleweki.

Mgeni wetu aliitwa Padri Guido Haazen, Mfransiskani, aliyezaliwa Antwerpen 1921. Alipofika akapewa kuongoza masomo ya misioni yaliyoitwa École centrale. Hakuwa wa kwanza kati ya ndugu zake kutega masikio hapa. Padri Placide Tempels, Mfransiskani pia, alikuwa ameketi na wazee wa Kamina wakati wa vita, akawauliza juu ya uzima na nguvu ya mtu, na mazungumzo hayo yakazaa kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu, kilichotoka Élisabethville 1945. Wanafilozofia wa Afrika wamekipinga kwa mambo mengi, tena wana haki kwa mengine. Lakini hata wanaokipinga wanakubali kwamba padri yule aliuliza maswali mahali ambapo wenzake walitoa majibu tu.

Tusisahau ulikuwa wakati gani. Mji wa Wazungu ulikuwa upande wake, site ya weusi upande wake. Usiku mtu mweusi asiye na karatasi hakuruhusiwa kutembea katika mitaa ya Wazungu. Mzungu naye, akionekana mara nyingi kwenye ngoma za weusi, wenzake walimtazama kwa jicho baya. Na katika kanisa ngoma ilikuwa kitu cha nje, kitu cha mashetani. Watoto walifundishwa kuimba kwa Kilatini na sauti za Ulaya, wakiwa wamenyoosha mikono pembeni ya mwili kama askari.

Padri Haazen alisikia jinsi watoto haohao walivyoimba wakiwa nje ya kanisa, akapenda. Mwaka wa 1954 akaunda kundi: watoto wanaume kama 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu kama 15 wa masomo ya Kamina. Wakalipa jina la Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo linatuchekesha kidogo leo, lakini wakati ule lilikuwa kama kinga: nani angethubutu kukataza ngoma inayobeba jina la mfalme?

Mtu atauliza: padri alijua nini juu ya kasala? Jibu letu ni rahisi. Alijua kile alichofundishwa. Kasala si wimbo ambao mtu anaushika kwa siku moja. Ni maneno ya sifa na ya machozi, yanayoita majina ya wafu mmoja kwa mmoja, ukoo kwa ukoo, majina ya nguvu, majina ya mito na vilima walivyovuka. Anayeimba kasala katika kilio hasomi karatasi. Anatazama nani ameketi mbele yake, anamtaja nkambo yake, na yule anainuka analia au anatoa kitu. Mtu mmoja anaongoza, wengine wanaitikia. Profesa Clémentine Faïk-Nzuji, katika kitabu chake juu ya kasala kilichotoka Lubumbashi 1974, ameonyesha ni elimu nzima, yenye mabingwa wake. Basi padri aliyekuja 1953 angewezaje kutunga kasala? Hakuweza. Walioweza ni wale walimu 15, ambao mchana walifundisha hesabu na Kifaransa, na jioni walikuwa watoto wa vilio na ndoa kama watu wote.

Ndivyo misa ilivyokua. Haikuandikwa noti hata moja. Maneno yalibaki Kilatini kama kanisa lilivyotaka, lakini sauti zilitoka mtaani. Kyrie ikachukua njia ya kasala: Bwana utuhurumie, inayolia kama mtu aliyefiwa. Ukiifikiri vizuri, hakuna mahali pengine pa kuiweka. Katika Credo, wanapofika mahali Yesu anasulubiwa, ngoma inapiga habari ya kifo, sawa vile kyondo ilivyotangaza kifo cha mkubwa katika vijiji vyetu. Sanctus ikafuata wimbo wa kuagana wa Kiluba, ule wa kumsindikiza mtu anayekwenda safari. Hosanna ikaingia katika mchezo wa Kasai, na hapo miguu ya msikilizaji haitulii. Agnus Dei ikachukua wimbo wa Bena Luluwa. Mwimbaji wa mbele alijenga sauti palepale, wengine wakamjibu, na leo haikuwa sawasawa na jana.

Tarehe 23 Machi 1958 misa hiyo iliimbwa Kamina, kwenye misioni ya Mtakatifu Bavo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujaitishwa bado. Ruhusa ya mtaguso huo juu ya muziki wa mataifa ilikuja Desemba 1963, na Roma ilikubali ile tunaita Misa ya Zaïre katika 1988. Hesabu ni yako, msomaji: walimu wa Kamina walitangulia kwa miaka mitano upande mmoja, miaka 30 upande mwingine.

Mwaka uleule kundi likasafiri Ulaya, likaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, pia katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Sasa mgeni akawa mwenyeji, na wenyeji wakawa wageni. Na Ulaya ya 1958 ilikuwa na nyuso mbili. Katika Maonyesho hayohayo Wabelgiji walikuwa wamejenga kijiji cha Wakongomani nyuma ya uzio ili watu wakitazame, na watazamaji wengine walitupia watu ndizi. Wale Wakongomani walikataa kuendelea, wakarudi kwao kabla Maonyesho hayajaisha. Watoto wa Kamina wao walipigiwa makofi. Hatusemi makofi yalifuta ndizi. Tunasema tu kwamba walimu wetu 15 waliona yote mawili katika safari moja, na wakarudi nyumbani miaka miwili mbele ya uhuru.

Diski ya Philips ikabeba sauti zao mbali. Ndani yake mulikuwa misa, tena nyimbo za nyumbani: za ndoa, ya kutoka katika kilio ya Bena Kanyoka, ya kazi, na ile ya askari inayoitwa Banaha, ambayo kwaya za masomo ya Ulaya na Marekani zingali zinaiimba. Pier Paolo Pasolini akaweka Gloria katika sinema yake juu ya Injili ya Matayo, 1964. Lindsay Anderson akaweka Sanctus katika sinema yake if...., 1968, iliyopata tuzo kubwa ya Cannes 1969. Na mwaka huo Sanctus ikaingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza. Kwa ndugu zetu wa Kiswahili cha mashariki, kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya 1990. Wimbo wa kuagana wa Kiluba umesindikiza watu ambao hawajui Kiluba ni nini.

Lakini ni ya nani? Hapo tunataka kusimama kidogo. Katika diski, jina linaloonekana mbele kama la mtengenezaji ni la Padri Haazen, na kundi lina jina la mfalme. Kati ya walimu, jina linalosomwa ni la Joachim Ngoi, mwimbaji wa mbele. Wengine ni "walimu" tu. Hatutaki kumtukana padri, aliyekufa 2004. Bila yeye kufungua mlango wa kanisa, na bila kuvumilia maneno ya wenzake, hakuna diski. Alikuwa mgeni wa aina njema: alikuja kufundisha, akakubali kufundishwa. Lakini desturi yetu inajua kutofautisha mgeni aliyekula vizuri na mama aliyepika bukari. Mgeni anasifiwa kwa kula bila kuchagua. Chakula kinaitwa kwa jina la mpishi. Kwa maoni yetu Misa Luba ni kazi ya walimu wa Kamina, pamoja na wazazi wao na majirani ambao hawakuingia katika studio yoyote, na padri ndiye aliyewakusanya. Ndivyo ingeandikwa tangu mwanzo.

Jambo la pili linatugusa zaidi. Tumesema nyimbo zile zilitoka kwa Baluba wa Katanga, wa Kasai, kwa Bena Kanyoka na Bena Luluwa. Zilikaa pamoja katika misa moja kwa sababu watu walikaa pamoja katika mji mmoja, walikwenda kwenye kilio cha jirani bila kuuliza kijiji chake. Katika Oktoba 1959, mwaka mmoja na nusu tu nyuma ya ile misa ya kwanza, Baluba na Bena Luluwa walianza kuuana Luluabourg. Katika Julai 1960 Katanga ikajitenga, na upande wetu wa kaskazini ukaingia katika vita vyake. Na kati ya 1992 na 1994 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walirudishwa kwa reli, na reli hiyo ndiyo inayopita Kamina. Mabehewa yaliyowaleta bankambo wao pamoja na nyimbo yaliwarudisha wajukuu pamoja na magodoro. Ndiyo maana tunachoka kusikia Misa Luba ikielezwa kama muziki wa "kabila moja la msituni," sawa vile vitabu vya wageni vilivyozoea kusema. Ni muziki wa stasyo. Ni ushuhuda wa namna gani watu wa mji huu waliishi kabla hawajaambiwa kuhesabiana.

Tulipouliza wanafunzi wetu wa darasa la tano Misa Luba ni nini, mmoja alijibu ni misa ya Jumapili inayosomwa kwa Kiluba. Wengine walinyamaza. Tukawachezea Sanctus kutoka katika simu. Kijana mmoja wa mtaa wa reli akasema nyanya yake anaimba hivyo akimsindikiza mtu. Hakujua kama inajulikana mbali.

Mtoto mdogo kuliko wote katika kundi la 1958 alizaliwa 1949 hivi. Walimu wao walikuwa watu wazima tayari. Kwa hiyo shirika letu linaomba kila jamaa ya Kamina, Mwene-Ditu, Lubumbashi au kokote iliko: kama baba au nkambo alikuwa kati ya wale 45 au wale 15, mtuletee jina lake, masomo aliyofundisha au aliyosoma, sauti aliyoimba, na picha kama ipo. Tutanakili picha na kuirudisha. Tumefungua daftari, jina la kwanza tuliloandika ni la Joachim Ngoi, na mistari inayofuata ingali mitupu.