Bango la Mwanafunzi kuhusu Sikukuu ya Mbalamwezi

Majira ya joto yanapomalizika nchini Uchina, wanafunzi wengi wa shule za msingi huagizwa na walimu wao kutayarisha bango kuhusu Zhongqiu, ambayo ni Sikukuu ya Mbalamwezi. Kwa Kichina kazi ya aina hii huitwa shouchaobao, neno lililoundwa kwa vipande vitatu: mkono, kunakili na gazeti. Bango hilo, basi, si picha tu ya kupambia ukuta wa darasa. Ni gazeti dogo linaloandikwa kwa mkono katika upande mmoja wa karatasi, na mwanafunzi ndiye mwandishi, mchoraji na mhariri wake.

Tarehe na jina

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni tarehe. Sikukuu huadhimishwa siku ya 15 ya mwezi wa nane katika kalenda ya jadi ya Wachina. Kalenda hiyo hufuata mwezi wa angani kama ifanyavyo ile ya Kiislamu, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mmoja ili hesabu isiachane na majira ya jua. Kwa sababu hiyo sikukuu hii haizunguki mwaka mzima kama Idi, bali huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka 2024 ilikuwa Septemba 17. Mwaka 2025, ambao mwezi wake wa sita ulihesabiwa mara mbili, ilikuwa Oktoba 6.

Zhongqiu maana yake ni katikati ya majira ya mpukutiko, kwani kwa hesabu ya jadi majira hayo ni miezi ya saba, ya nane na ya tisa. Msomaji wa pwani yetu asiyachanganye na mvua za vuli. Huko ni wakati wa mavuno na wa hewa kuanza kupoa. Tangu 2008 siku hiyo imekuwa ya mapumziko ya kitaifa.

Yanayoandikwa

Habari za bango kwa kawaida hugawanywa katika sehemu tatu: asili, hekaya na mila. Hekaya kuu ni ya Chang'e, mke wa mpiga mishale Hou Yi aliyeangusha majua tisa kati ya kumi yaliyokuwa yakiiunguza dunia. Hou Yi alituzwa dawa ya kuishi milele, mkewe akainywa na kupaa hadi mwezini, anakoishi na sungura anayetwanga dawa kwenye kinu. Masimulizi mengine hudai kwamba alishikwa na tamaa. Mengine, kwamba aliinywa ili isiibwe na mtu mwovu. Mwanafunzi makini hutaja kwamba hadithi ina sura zaidi ya moja.

Kuna pia kisa kisemacho kwamba ujumbe wa uasi dhidi ya utawala wa Wamongolia, ulioanguka 1368, ulifichwa ndani ya keki za mwezi. Kisa hicho kinapendwa sana, ila ni masimulizi na si historia iliyothibitishwa, na bango lapaswa kusema hivyo.

Kuhusu mila, huelezwa jinsi jamaa wanavyokusanyika kula pamoja, kuwasha kandili za karatasi na kuutazama mwezi. Keki za mwezi ni za duara, na ndani huwa na rojo zito la mbegu za yungiyungi au la maharagwe mekundu, pengine na kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi. Umbo la duara, la mwezi na la keki, ni ishara ya jamaa kuwa pamoja.

Kupanga karatasi

Karatasi ya A4 au A3 hutosha. Kwanza mchoro wote huwekwa kwa penseli hafifu: mahali pa kichwa, visanduku viwili au vitatu vya maandishi, na nafasi ya picha. Kichwa huandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ili kisomeke kutoka mbali. Mbinu inayotumiwa sana ni kuchora mwezi mkubwa na kuufanya kuwa kisanduku cha maandishi. Kisha mistari ya picha hukolezwa kwa wino mweusi, rangi zikapakwa, na maandishi yakaandikwa juu ya mistari iliyopigwa kwa rula. Penseli hufutwa wino ukishakauka. Pambizo iachwe wazi. Ukurasa uliojaa hadi kingoni huchosha jicho.

Kazi ya nani?

Hata hivyo, mabango mengi yamekuwa yakifanana mno. Vielelezo vilivyokwisha kuchorwa hupatikana kwa urahisi katika intaneti, na si jambo geni mzazi kuketi usiku akimchorea mwanawe ili bango lipendeze. Julai 2021 serikali ya Uchina ilitoa mwongozo wa kupunguza mzigo wa kazi za nyumbani, na ndani yake ikapiga marufuku kuwapa wazazi kazi za shule, kwa njia ya wazi au ya kificho.

Bango lililochorwa na mzazi linaweza kupendeza kuliko yote darasani, na bado mtoto asijue ni kwa nini mwezi huo ni muhimu. Heri mistari michache aliyoitunga mwenyewe. Mshairi Su Shi, ambaye shairi lake la 1076 hunakiliwa katika mabango mengi, aliliandika usiku wa sikukuu hii akimkumbuka ndugu yake Su Zhe aliyekuwa mbali. Nchini Uchina wako mamilioni ya watoto wa vijijini wanaolelewa na nyanya na babu zao kwa sababu wazazi wanafanya kazi katika miji ya mbali. Mtoto wa namna hiyo akiandika ni nani amerudi nyumbani na ni nani ambaye hajarudi, atakuwa ameieleza sikukuu hii kuliko kielelezo chochote, hata kama sungura wake ametoka na sikio moja refu kuliko la pili.