Namna ya Kuandaa Taarifa Ndefu za Tovuti Zipatikane kwa Urahisi Mtandaoni

Mwananchi anayehitaji huduma ya Serikali mara nyingi haanzi na anuani ya tovuti ya taasisi husika. Huanza kwa kuandika swali lake katika injini ya kutafuta, kama vile Google au Bing. Ukurasa wa taasisi usipotokea miongoni mwa majibu ya mwanzo, mwananchi huyo anaweza kufuata maelezo ya mtu asiye na mamlaka, akalipa fedha zisizostahili au kuandaa nyaraka zisizohitajika.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, programu maalumu hupitia kurasa kwa kufuata viungo. Pili, maudhui ya kurasa hizo huchambuliwa na kuhifadhiwa katika faharasa. Tatu, mtumiaji anapouliza, kurasa hupangwa kwa kuzingatia uhusiano wake na swali, ubora wake na viungo vinavyoelekezwa kwake kutoka tovuti nyingine.

Lugha ya mwananchi

Nchini Tanzania, sheria huzungumzia "usajili wa vizazi na vifo". Mzazi mwenye mtoto mchanga, hata hivyo, huandika "jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa". Ukurasa unaotumia istilahi za sheria pekee unaweza kumpita bila kuonekana. Inafaa kichwa kianze na maneno ya mwananchi, na jina la kisheria lifuate katika aya ya kwanza. Kurudiarudia neno hilo kupita kiasi hakusaidii. Google hukuhesabu kuwa ni ulaghai na huweza kuushusha ukurasa.

Urefu na mpangilio

Google imeeleza kuwa hakuna idadi maalumu ya maneno inayoupandisha ukurasa. Urefu una manufaa pale tu mada inapouhitaji. Taarifa ndefu igawanywe kwa vichwa vidogo, kila kimoja kikijibu swali moja: nani anastahili, nyaraka zipi zinahitajika, ada ni kiasi gani, huduma huchukua muda gani na hutolewa wapi.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

- Vichwa vidogo viwekwe kwa mitindo rasmi ya vichwa iliyomo katika mfumo wa tovuti, si kwa kukoza maandishi tu.
- Tangazo lisiwekwe kama picha ya karatasi iliyogongwa muhuri pekee; maneno yake yaandikwe pia katika ukurasa.
- Picha ziambatane na maelezo mafupi ya maandishi.
- Kiungo kitaje kinakoelekea, kwa mfano "Pakua fomu ya maombi", badala ya "Bofya hapa".
- Ukurasa ukaguliwe katika simu. Google huorodhesha kurasa kwa kuzingatia toleo la simu, hivyo maelezo yaliyoondolewa katika toleo hilo huweza kutohesabiwa.

Taarifa zilizopitwa na wakati

Ukurasa wa zamani huweza kuendelea kuonekana juu kwa sababu umekwisha kukusanya viungo vingi. Taasisi inapobadilisha ada na kuchapisha ukurasa mpya bila kuugusa wa awali, mwananchi hukutana na viwango viwili, na huenda akasafiri kutoka kijijini hadi makao makuu ya wilaya akiwa na fedha pungufu. Inashauriwa kuhuisha ukurasa uleule katika anuani ileile na kuonesha tarehe ya marekebisho. Ikilazimu kuuhamisha, anuani ya zamani impeleke msomaji moja kwa moja kwenye ile mpya.

Kupima matokeo

Huduma ya Google Search Console, inayotolewa bila malipo, huonesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kufika katika tovuti. Afisa habari anayeyapitia mara kwa mara hubaini maswali yanayoulizwa na wananchi ambayo bado hayajajibiwa, na hapo ndipo pa kuanzia kuandika taarifa inayofuata.