Nani Ameshika Kikaango? Safari ya Kahawa ya Kivu

Hapa Goma, na kule Bukavu pia, kuna mikahawa midogo ya mtaa inayokaanga kahawa yake yenyewe. Harufu inakufikia kabla hujaona mlango. Wengine wanasema hiyo ni starehe ya watu wa mjini. Lakini kwa historia ya Kivu, kikaango kile ni jambo kubwa.

Mwaka wa 1928 mkoloni Mbelgiji aliunda Comité National du Kivu, kamati iliyogawa ardhi yetu kwa wazungu. Kandokando ya ziwa na milimani yakatokea mashamba makubwa ya kahawa ya arabika. Babu zetu walichuma, wakaanika, wakabeba magunia. Kahawa iliondoka mbichi, ikakaangwa na kunywewa Ulaya.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1960, lakini kikaango kilibaki kule kule. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali ya wageni itapewa raia wa Zaire. Wengi waliopewa mashamba walikuwa watu wa karibu na utawala, si wakulima, na mashamba mengi yakageuka pori. Kahawa ikabaki kwa mkulima mdogo, mwenye miti yake karibu na nyumba.

Naye hakuachwa apumue. Julai 1989 makubaliano ya dunia yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka vibaya. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikafunga barabara na kuwafukuza wanunuzi. Hapo ziwa likawa soko. Wanaume wa Idjwi, Minova na Kalehe walipakia magunia kwenye mitumbwi usiku, wakavuka kwenda Rwanda kutafuta bei bora, au kubadilisha na chumvi, sabuni na chakula. Mitumbwi ilijaa kupita kiasi, na upepo wa ziwa hauna huruma. Wengi walizama. Mpaka leo kuna wajane ambao kaburi la bwana wao ni maji.

Kuanzia miaka ya 2000, wakulima walianza kujiunga katika vyama vya ushirika na kujenga vituo vya kuoshea kahawa. Kahawa iliyooshwa vizuri inapata bei nzuri, na mtu hana tena haja ya kuvuka ziwa usiku.

Sasa tufanye hesabu. Kilo 6 hivi za matunda mekundu zinatoa karibu kilo 1 ya mbegu kavu. Ukiikaanga, uzito unapungua, unabaki na gramu 800 na zaidi kidogo. Kwa gramu 10 kila kikombe, hivyo ni vikombe 80. Mkulima analipwa kwa matunda. Mwenye kikaango analipwa kwa vikombe. Kahawa ikikaangwa hapa, angalau sehemu ya pesa ile inabaki hapa: kwa kijana anayekaanga, mama anayechambua mbegu, mwenye makaa, mwenye pikipiki.

Lakini mlimani wako wapi wachumaji? Familia nyingi za Masisi, Kalehe na Minova zimekimbia vita, zikaacha kahawa ikiiva bila mikono. Kwenu mlioko kambini au kwa ndugu, tunasema hivi: mti wa kahawa ni mvumilivu. Mche mpya unahitaji miaka 3 au 4 kuzaa, lakini mti wa zamani uliozidiwa na majani ukikatwa chini ya goti, unachipuka tena. Wazee, waelezeni watoto mipaka ya shamba na mistari ya kahawa mliyopanda, kwa maana ile miti ni ushahidi wa mkono wenu.

Na wewe unayekaa kwenye mkahawa wa mtaa, muulize mwenye duka: kahawa hii imetoka kilima gani, na mkulima alilipwa ngapi? Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza mnunuzi swali hilo. Sasa mwenye kikaango ni jirani yetu, na anaweza kujibu.